Wimbo wa Jirani Yetu





Tangu mazishi yale ya juma la pili la Kwaresima, ambayo wengi wenu mlihudhuria, tumeulizwa sana juu ya wimbo ulioimbwa makaburini. Wengine wametuuliza mlangoni pa kanisa baada ya Misa, wengine wametuandikia ujumbe kwa simu, na mzee mmoja wa kigango cha juu alishuka kwa miguu katika mvua, akaketi nasi barazani, akauliza bila kuzunguka: "Baba Paroko, wimbo ule ni wa nani, hata uimbwe juu ya kaburi la Mkatoliki?" Swali la mzee huyo ni swali la haki. Tulimwahidi kwamba tutalijibu hapa, ili nao ambao hawakuthubutu kuuliza wapate kusoma.

Wimbo wenyewe ni ule uitwao "Mfurahini, Haleluya". Tuseme mapema kwamba si wimbo wa kwetu kwa maana ya vitabu vyetu. Ulitungwa mwaka 1966 na Bernard Kyamanywa, Mhaya aliyezaliwa mwaka 1938, ambaye wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo cha Theolojia cha Walutheri pale Makumira, karibu na Arusha. Baadaye alikuwa mchungaji. Maneno aliyaandika kwa Kiswahili, na sauti aliitwaa kutoka katika nyimbo za jadi za Wahaya, watu wa magharibi ya Ziwa Viktoria. Kwa hiyo, kama mtu akiuliza wimbo ni wa nani, jibu fupi ni hilo: maneno ni ya kijana mmoja wa chuo, sauti ni ya wazee wake, na habari ni ya Injili.

Lakini jibu fupi halitoshi, kwa sababu wimbo huu una undugu na milima yetu hii kuliko wengi wetu tujuavyo.

Chuo cha Makumira hakikuzaliwa Makumira. Kilianzishwa mwaka 1947 huku huku Usambara, pale Lwandai, upande wa Mlalo, na ni mwaka 1954 tu kilipohamishiwa chini ya Mlima Meru. Wazee wetu wa Mlalo, hata wale Wakatoliki, walisikia habari za vijana waliotoka pande mbalimbali za Tanganyika kuja kusoma Maandiko katika baridi yetu hii. Wala undugu hauishii hapo. Wamisionari wa Kijerumani walioanza kazi Mlalo mwaka 1891 walikuwa wa shirika ambalo baadaye lilijulikana kama Misheni ya Bethel. Shirika hilo hilo, likiisha kuota mizizi Usambara, lilikwenda Rwanda mwaka 1907, na mwaka 1910 likafika Buhaya. Ernst Johanssen, mmoja wa wale wa kwanza wa Mlalo, ndiye aliyeongoza safari hizo. Basi Ulutheri uliomlea mtunzi wetu ulipitia, kwa namna fulani, njia za milima hii kabla ya kufika ziwani. Na wimbo umerudi kwa njia ile ile, ukiwa umevaa nguo za Kihaya.

Nasi Wakatoliki tulifika nyuma yao kidogo. Watawa Watrapisti kutoka Mariannhill, Afrika Kusini, walianza utume pale Gare mwaka 1897. Tangu hapo makanisa haya mawili yamekaa kilima kwa kilima, kengele ya huyu ikisikika kwa yule, na kwa miaka mingi (tusifiche) yalikaa kwa kutazamana kwa jicho la pembeni. Bibi zetu wanakumbuka wakati ambapo kuingia tu katika kanisa la jirani kulikuwa jambo la kuungama.

Sasa, kijana wa Makumira alipata wapi msukumo wa kutunga wimbo wa namna ile? Hapa panahitaji maelezo, kwa maana waimbaji wetu wengi wa leo, waliozaliwa wakati ngoma zimekwisha kuingia kanisani, hawawezi kuona kwamba jambo hilo liliwahi kuwa jipya.

Pale Makumira alikuwapo mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyefika Tanganyika mwaka 1946. Alikuwa mtu wa lugha. Alifanya utafiti mkubwa juu ya Kirimi, lugha ya Wanyaturu wa Singida. Mtu wa lugha husikia mambo ambayo wengine hawayasikii, naye alisikia kwamba Wakristo wa nchi hii walikuwa wakimwimbia Mungu kwa maneno yao lakini kwa sauti za watu wengine, na kwamba maneno na sauti vilikuwa vikigombana. Akawahimiza wanafunzi wake walete darasani nyimbo za makabila yao, zile za kwao walizozijua tangu utoto, na wazitungie maneno ya imani. Nyimbo zilizopatikana kwa kazi hiyo zilianza kuchapwa mwaka 1968 katika kitabu kidogo kilichoitwa "Tumshangilie Mungu". Humo ndimo watu wengi walikoupata wimbo wa Kyamanywa. Katika mazingira hayo hayo Wilson Niwagila, naye wa Buhaya, alitunga "Njoo Kwetu, Roho Mwema", ambao baadhi yenu mmeusikia katika ibada za Pentekoste za jirani zetu.

Ugomvi wa maneno na sauti ni nini? Wanakwaya wetu wataelewa upesi. Kiswahili huweka mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema Mwokozi, tukikaza "ko". Tunasema amefufuka, tukikaza "fu" ya pili. Hatukazi silabi ya mwisho. Lakini nyimbo nyingi za Ulaya zimejengwa kwa lugha ambazo mstari hupenda kuishia kwa kishindo, juu ya silabi ya mwisho kabisa. Ukiuchukua wimbo wa namna hiyo na kuupachika maneno ya Kiswahili, kishindo kinaangukia mahali ambapo hakitakiwi, na Mwokozi anageuka kuwa mtu mwingine mwenye "zi" kubwa mwishoni. Sisi tumezoea hata hatushtuki tena. Waulizeni watoto wa katekesimu waimbe nyimbo za zamani kwa haraka, mtasikia wenyewe.

Katika lugha kama Kihaya na Kishambaa tatizo huwa kubwa zaidi, maana lugha hizo hutofautisha maneno kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Neno likipandishwa penye kushuka, laweza kupoteza maana au kupata nyingine. Mmisionari aliyetafsiri zaburi kwa Kishambaa na kuiweka juu ya sauti ya Kijerumani alifanya kazi ya upendo, hilo hatulikatai. Lakini masikio ya Mshambaa yalilazimika kusamehe kila mstari.

Sasa tazameni maneno mawili ya kwanza ya wimbo huu. Mfurahini: mkazo "hi". Haleluya: mkazo "lu". Silabi tano, kisha silabi nne, na sauti ya Kihaya inakaza pale pale ambapo ulimi unakaza wenyewe. Mtu hahitaji kufundishwa. Ndiyo maana watoto wanaushika wimbo huu kwa kusikia mara moja au mbili. Kiongozi hutoa ubeti, umati unadaka kiitikio, kama ifanyikavyo shambani na ngomani. (Walimu wa Kiswahili katika parokia yetu wametuambia kwamba "mfurahini" si sanifu, kwamba ingetosha "furahini" au "mfurahi", na kwamba mtunzi ameweka wingi mbele na nyuma. Twakubali. Lakini mwenye furaha ya Pasaka akizidisha wingi, tutamsamehe.)

Msidhani kwamba jambo hili lilikuwa la Walutheri peke yao. Upande wetu alikuwapo Padre Stephen Mbunga, mwana wa kusini ya nchi yetu, aliyetunga "Misa Baba Yetu" na ambaye mwaka 1963 alichapisha kitabu kizima juu ya sheria za Kanisa kuhusu muziki mtakatifu na namna zinavyoweza kupokea muziki wa Kibantu. Mwaka huo huo, tarehe 4 Desemba, Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano walipitisha Konstitusio juu ya Liturujia, na katika ibara ya 119 wakafundisha kwamba watu wenye mapokeo yao ya muziki wapewe heshima stahiki kwa muziki huo, katika kuwajenga kiimani na katika ibada pia. Mtagusoni alikuwapo Mhaya mwingine, Kardinali Laurean Rugambwa, aliyefanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupewa heshima hiyo. Kwa hiyo miaka ile ya 1960 Roho alikuwa akivuma pande zote mbili za kilima. Padre wa kusini na mwanafunzi wa Buhaya hawakuhitaji kuulizana. Wote wawili walikuwa wakilijibu swali moja, ndani ya nchi iliyokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru na iliyokuwa ikijiuliza sauti yake yenyewe ni ipi.

Tugeukie Injili, kwa maana sauti peke yake haimfufui mtu.

Beti za wimbo huu zinasimulia habari ya asubuhi ya Pasaka: siku tatu za kaburi, malaika anayewaambia watu wasiogope, mahali patupu pa kulazwa, na agizo la kwenda kuwaambia wengine. Fungueni Mathayo sura ya 28, aya ya 1 hadi ya 10, mtaikuta yote. Jambo moja katika aya hizo limetugusa sana mwaka huu. Mathayo anasema kwamba wanawake waliondoka kaburini kwa hofu na furaha kuu, vyote viwili kwa pamoja. Hasemi kwamba hofu iliondoka kwanza ndipo furaha ikaingia. Walikuwa wakikimbia wakiwa navyo vyote viwili kifuani. Na hapo njiani Yesu akakutana nao, akawasalimu.

Biblia zetu za Kiswahili huandika hapo neno la salamu tu, na ni sawa, kwa kuwa ndivyo Wagiriki walivyosalimiana. Lakini neno lenyewe la Kigiriki, "khairete", maana yake ya asili ni "furahini". Kwa hiyo katika Injili ya Mathayo neno la kwanza kutoka kinywani mwa Mfufuka ni neno hilo hilo ambalo wimbo unaanzia. Hatudai kwamba mtunzi alikuwa na neno la Kigiriki mezani alipoandika. Twasema tu kwamba limo, nasi tulipoliona tulikaa kimya kwa muda.

Turudi sasa kwenye mazishi, maana wale ambao hawakuwapo wamesikia mengi yaliyoongezwa chumvi.

Marehemu alikuwa mama kijana, mwenye umri wa miaka 27, aliyetutoka kwa uzazi. Mtoto yu hai, ashukuriwe Mungu, na analelewa na bibi yake. Marehemu alizaliwa katika nyumba ya Kilutheri huko juu, akaolewa kwetu, akapokelewa katika Kanisa Katoliki kwa hiari yake, na alikuwa mwanajumuiya mwaminifu. Siku ya mazishi, kabla ya Misa, mama yake mzazi alikuja sakristia. Ni mwanakwaya wa usharika wao tangu ujana wake. Alipiga magoti kidogo kwa heshima, kama ilivyo desturi, akasema: "Baba, tunaomba jambo moja. Tumwimbie mtoto wetu 'Mfurahini'. Ndio wimbo aliojifunzia kuimba."

Tulimweleza, kwa upole tulioweza, kwamba tumo katika Kwaresima, na kwamba Mama Kanisa kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Mkesha wa Pasaka haimbi Haleluya katika liturujia yoyote, hata ya mazishi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kifo nacho hakikungoja Pasaka, Baba." Hakusema kwa hasira. Akainuka, akatoka, akaketi katika benchi la tatu pamoja na wanawake wa kwao, naye Misa nzima aliimba nyimbo zetu za Kwaresima alizozijua.

Sheria hiyo ya kunyamazisha Haleluya tunaipenda na tutaendelea kuishika. Si ukali usio na sababu. Karne za kati, katika sehemu kadhaa za Ulaya, watu waliichukulia kwa uzito wa ajabu. Katika kanisa kuu la Toul, Ufaransa, katika karne ya 15, kabla ya kuanza majuma ya toba, watoto waimbaji walifanya maandamano wakibeba bonge la udongo, pamoja na misalaba, maji ya baraka na ubani, wakaenda kuizika Haleluya kama azikwavyo mtu, huku wakilia. Walijua kwamba itafufuka. Mtu asiyewahi kulikosa neno hilo kwa siku arobaini hawezi kulisikia vema padre anapoliimba mara tatu katika Mkesha, akilipandisha kila mara. Tusingependa waamini wetu wapoteze njaa hiyo.

Lakini tulipokuwa tukitembea nyuma ya jeneza kwenye ule mteremko wenye utelezi, maneno ya yule mama yalikuwa yametangulia mbele yetu. Haleluya ya Toul ilizikwa na watoto walioyajua majuma waliyobakiza. Huyu mama alikuwa akimzika mwanawe.

Makaburini tulisali sala zote za Kanisa, tukabariki kaburi, tukanyunyiza maji, tukatupa udongo. Ibada ikaisha, tukavua stola. Vijana wakashika majembe na koleo. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka msitu wa Magamba hata waliosimama upande wa pili wa kaburi walionekana kama vivuli. Ndipo akaanza, peke yake, kwa sauti nyembamba iliyopasuka katikati ya neno la kwanza. Wa kwao wakamdaka. Wetu wakanyamaza kwanza, wakitutazama sisi. Hatukuitikia, kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kumwambia lile la sakristia na tulilimaanisha. Wala hatukumnyamazisha, kwa kuwa ibada ya Kanisa ilikuwa imekamilika na kilio cha mama si mali ya paroko. Tulisimama na kofia mkononi. Katika ubeti wa pili au wa tatu watoto wa shule, ambao ni wa madhehebu yote, walikuwa wakiimba. Kisha wanajumuiya wa marehemu. Na wale vijana wenye majembe, bila mtu kuwaambia, wakaanza kujaza kaburi kwa mapigo ya wimbo, udongo ukianguka pale panapoangukia mkazo. Mume wa marehemu, aliyekuwa amekaa siku mbili bila chozi, alilia hapo.

Hilo ndilo lililotendeka. Hakuna aliyeisaliti dini yake, na hakuna "Misa ya mchanganyiko", kama ilivyosemwa sokoni.

Mzee wetu wa kigango cha juu aliuliza tena, baada ya kusikia hayo: je, si hatari watoto wetu wakizoea nyimbo za wale? Tulimjibu hivi, nasi twalirudia kwenu. Mtaguso uleule, katika Hati juu ya Ekumeni ya tarehe 21 Novemba 1964, ibara ya 4, unatufundisha kuyakiri na kuyathamini kwa furaha mema ya kweli ya Kikristo, yatokayo katika urithi wetu wa pamoja, yaliyomo kwa ndugu zetu waliotengana nasi. Neno ni "kwa furaha", si kwa kunung'unika. Tumeyapitia maneno ya wimbo huu ubeti kwa ubeti. Hakuna humo lolote linalopingana na imani Katoliki. Ni Injili na Sala ya Kanisa ya Pasaka kwa Kiswahili chepesi. Tofauti zilizopo kati yetu na Walutheri ni za kweli, juu ya Ekaristi, juu ya daraja takatifu, juu ya Petro na waandamizi wake, na hatutazipaka rangi. Lakini kaburi tupu si mojawapo ya tofauti hizo. Hata juu ya jambo lililotutenganisha zaidi katika karne ya 16, yaani namna mwanadamu anavyohesabiwa haki mbele ya Mungu, Kanisa Katoliki na Shirikisho la Kilutheri Duniani walitia saini tamko la pamoja kule Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999.

Tena wimbo wenyewe umekwisha kuvuka mipaka mingi kuliko hii ya kilima na kilima. Mwaka 1969 ulitafsiriwa kwa Kijerumani na Ulrich Leupold, mwanamuziki na mwanatheolojia aliyezaliwa Berlin, ambaye kwa kuwa upande wa mama yake ulikuwa na asili ya Kiyahudi ilimbidi kuikimbia nchi yake mwishoni mwa miaka ya 1930, akaishia kuwa mwalimu wa seminari ya Kilutheri huko Kanada. Tafsiri yake imo katika kitabu cha nyimbo cha Waprotestanti wa Ujerumani, nambari 116. Olson naye aliutafsiri kwa Kiingereza, ukachapwa mwaka 1977, na Walutheri wa Marekani wanao katika kitabu chao cha mwaka 2006. Fikirini kidogo mzunguko huo: watu wa Bethel walileta nyimbo za Kijerumani Mlalo mwaka 1891 ili Washambaa waziimbe, na sasa Wajerumani asubuhi ya Pasaka wanaimba sauti ya Wahaya. Aliyepanda hakujua atavuna nini, tena shambani kwa nani.

Jambo zito zaidi kwetu, hata hivyo, si vitabu. Ni nyumba zetu. Katika parokia hii hakuna jumuiya hata moja isiyo na familia ya ndoa kama ile ya marehemu, Mkatoliki kwa Mlutheri, na zipo pia zenye Waislamu kwa wakwe. Watu hao hula pamoja, huchota maji pamoja, huuguzana. Lakini msibani, saa ile wanapohitajiana kuliko zote, mara nyingi nusu ya nyumba hunyamaza kwa kuwa haijui wimbo wa nusu ya pili. Tumezika katika vijiji hivi miaka mingi ya kutosha kuuona ukimya huo. Unaumiza kuliko mabishano ya theolojia. Siku ile katika ukungu nusu mbili ziliimba pamoja kwa dakika chache, na hatuoni kwa nini tuwaombe radhi watu kwa jambo hilo.

Basi tumeamua hivi, baada ya kushauriana na Halmashauri ya Walei na mwalimu wa kwaya. Wimbo huu hatutauingiza katika Misa kwa uamuzi wetu wenyewe, kwa kuwa nyimbo za liturujia zahitaji kibali cha mamlaka ya Kanisa, na paroko hana mamlaka hayo mfukoni. Tutamwandikia Baba Askofu na kumpelekea maneno yote. Wakati tukingoja jibu, siku ya Jumatatu ya Pasaka, baada ya Misa ya asubuhi, tutakwenda kwa maandamano hadi makaburini kuwasalia marehemu wetu wote, na huko, nje ya Misa na ndani ya siku za Haleluya, wimbo utaimbwa. Ndugu zetu wa usharika jirani wamealikwa, na mchungaji wao amekubali kuja. Tumemwomba yule mama atuanzishie. Amesema atakuja kama njia kutoka kwao itapitika, kwa kuwa masika mwaka huu yamekata barabara mahali pawili. Vijana wenye pikipiki wanaoweza kumfuata wamwone katekista.

Mazoezi ni Alhamisi hii na ijayo, saa kumi jioni, katika ukumbi wa parokia. Ibada ya Njia ya Msalaba siku ya Ijumaa iko pale pale, na asiyefika kwenye Njia ya Msalaba asije kwenye mazoezi. Wimbo ujifunzwe beti zote, si ule wa kwanza tu kama tulivyozoea kufanya, kwa sababu agizo la kwenda kuwaambia wengine haliko katika ubeti wa kwanza. Kinanda kipumzike, walete ngoma mbili za kigango cha juu. Yule mzee wetu ndiye mwenye funguo za chumba zinamowekwa, naye ameahidi kuzishusha mwenyewe.

Padre wenu,
Paroko